Riwaya Iliyokuzwa na Wasomaji Wake: Wanafunzi na The Outsiders ya S. E. Hinton, 1967-2005

1. Utangulizi

Historia ya riwaya, kama inavyofundishwa katika vyuo vingi, ni historia ya watunzi na vitabu vyao. Mwanafunzi hujifunza jina la mtunzi, mwaka wa kuzaliwa kwake, orodha ya kazi zake na dhamira zilizomo. Msomaji hutajwa mwishoni, pengine hatajwi kabisa, kana kwamba kazi yake ni kupokea tu kile alichoandaliwa. Mnamo 1967 Hans Robert Jauss, katika mhadhara wake wa kwanza wa uprofesa kwenye Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, aliupinga mtazamo huo. Alidai kwamba kazi ya fasihi haina historia kamili pasipo wale walioipokea, na kwamba kila kizazi cha wasomaji hukiendea kitabu kikiwa na upeo wake wa matarajio.

Mwaka huohuo, bila uhusiano wowote na mjadala huo wa wanazuoni, ilitoka nchini Marekani riwaya fupi ya msichana wa miaka 18 kuhusu vijana wanaopigana mitaani. Jina lake ni The Outsiders, yaani wale waliobaki nje, waliotengwa. Ni vigumu kupata mfano ulio bora zaidi wa kuipima hoja ya Jauss. Wanafunzi wa shule ndio waliokipa kitabu hicho uhai wake wa kwanza. Wanafunzi ndio walioomba kifanywe filamu. Na wanafunzi wa kizazi kingine ndio walioichochea filamu hiyo irekebishwe.

Makala haya yanafuata hatua hizo tatu. Hoja yake kuu ni kwamba mwitikio wa mwanafunzi si mwangwi unaosikika baada ya kitabu kukamilika. Ni nguvu mojawapo kati ya zile zinazokipa kitabu mahali pake katika historia. Hata hivyo nguvu hiyo ina mipaka, nayo pia inastahili kuchunguzwa.

2. Kitabu na chanzo chake

Susan Eloise Hinton alizaliwa mwaka 1948 katika mji wa Tulsa, jimbo la Oklahoma. Alianza kuandika riwaya yake akiwa na miaka 15, mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Will Rogers. Katika shule hiyo wanafunzi walikuwa wamegawanyika katika makundi kwa kadiri ya mali ya wazazi, mavazi na mtaa wa kila mmoja, na kuvuka mpaka wa kundi lilikuwa jambo gumu. Siku moja rafiki yake alipigwa vibaya alipokuwa akirejea nyumbani kutoka sinema, kwa sababu tu alionekana kuwa wa kundi la wanyonge. Hasira ya tukio hilo ndiyo iliyomtia kalamu mkononi.

Sababu ya pili ilikuwa ya kifasihi. Hinton alikuwa msomaji mkubwa, lakini hakuona katika maktaba vitabu vilivyoonyesha vijana kama alivyowajua. Vitabu vilivyoandikiwa wasichana wa umri wake vilihusu zaidi mapenzi ya kwanza na sherehe za shule, katika njia iliyofunguliwa na Seventeenth Summer ya Maureen Daly mwaka 1942. The Catcher in the Rye ya J. D. Salinger, iliyotoka mwaka 1951, ilikuwa na kijana mwenye uchungu moyoni, lakini iliandikwa na mtu mzima na kutolewa kwa ajili ya watu wazima. Hinton alitaka kitabu kilichoandikwa kutoka ndani ya ujana wenyewe.

Sehemu kubwa ya kazi aliiandika akiwa na miaka 16, wakati baba yake akiugua ugonjwa uliomwua. Mwaka huohuo, katika somo la utunzi, mwalimu alimpa alama ya D, ambayo katika shule za Marekani iko hatua moja tu juu ya kushindwa. Mkataba wa Viking Press ulimfikia siku ya kuhitimu sekondari, na kitabu kikachapishwa tarehe 24 Aprili 1967. Wachapaji walimshauri atumie herufi S. E. badala ya jina lake kamili, wakihofia kwamba wahakiki wanaume wangekidharau kitabu cha magenge ya wavulana kilichoandikwa na msichana. Kwa muda mrefu wasomaji wengi walidhani kwamba mtunzi ni mwanamume.

Msimulizi wa riwaya ni Ponyboy Curtis, mvulana wa miaka 14 ambaye wazazi wake wamekufa katika ajali ya gari. Anaishi na kaka zake wawili: Sodapop, aliyeacha shule ili afanye kazi, na Darry, kijana wa miaka 20 aliyelazimika kuwa baba kabla ya wakati. Wao ni wa kundi la Greasers, maskini wa upande wa mashariki wa mji, jina linalotokana na mafuta wanayopaka nywele zao ndefu. Wapinzani wao ni Socs, watoto wa matajiri. Usiku mmoja Socs wanamvamia Ponyboy na kumzamisha kichwa majini katika bustani ya mji; rafiki yake Johnny Cade, mvulana anayepigwa kila mara nyumbani kwao, anamchoma kisu Bob Sheldon na kumwua. Wavulana hao wawili wanakimbilia kanisa kuukuu lililoachwa mashambani. Kanisa linaposhika moto huku watoto wadogo wakiwa ndani, wanaingia kuwaokoa. Johnny anaumia na kufa hospitalini, na Dallas Winston, aliye mgumu kuliko wote, hawezi kustahimili kifo hicho na anajisogeza mwenyewe mbele ya risasi za polisi.

Jambo moja katika umbo la riwaya lina uzito wa pekee kwa mada hii. Baada ya misiba hiyo Ponyboy anaanza kushindwa shuleni, na mwalimu wake wa Kiingereza anamwambia kwamba atafaulu iwapo ataandika insha nzuri. Insha hiyo ndiyo riwaya yenyewe: mwisho wa kitabu unarudi kwenye mwanzo wake, msomaji akatambua kwamba alichokuwa akisoma ni kazi ya mwanafunzi iliyoandikwa kwa agizo la mwalimu. Ponyboy anaiandika akiwafikiria wavulana wengine wa mitaa kama yake, ambao hakuna aliyewahi kuwasimulia upande wao. Hivyo, hata kabla ya kufika mkononi mwa mwanafunzi yeyote, kitabu kilikuwa kimekwisha kumweka mwanafunzi katika nafasi mbili: ya mwandishi na ya msomaji.

3. Darasa linakiokoa kitabu

Mauzo ya mwanzo hayakuwa makubwa. Kilipouzwa katika maduka ya kawaida pamoja na riwaya za bei nafuu, kitabu hakikuvutia wanunuzi wengi, na kingeweza kusahauliwa kama vilivyosahauliwa vingine vingi vya mwaka huo. Hata hivyo wachapaji waligundua jambo wasilolitarajia: kiliendelea kuagizwa pale ambapo walimu walikitumia darasani. Walimu walikuwa wameona kwamba wanafunzi wao, hasa wavulana ambao hawajawahi kumaliza kitabu hata kimoja, walikisoma hiki hadi mwisho na kuomba kingine cha namna hiyo.

Hapa utaratibu wa kawaida wa shule uligeuzwa. Kwa desturi kitabu huteuliwa na wakubwa, kikapewa cheo cha fasihi bora, kisha mwanafunzi hulazimika kukipenda au kujifanya anakipenda. Kwa The Outsiders, upendo wa wanafunzi ulitangulia, cheo kikafuata. Mwalimu hakuwa mlinzi wa lango. Alikuwa shahidi wa kile kilichotokea mbele yake, akachukua hatua.

Ni kweli kwamba Hinton hakuwa peke yake. The Contender ya Robert Lipsyte ilitoka mwaka huohuo wa 1967, The Pigman ya Paul Zindel ikafuata mwaka 1968, na The Chocolate War ya Robert Cormier mwaka 1974. Tena wakutubi wa Marekani walikuwa na idara ya huduma kwa vijana tangu mwaka 1957, kwa hiyo wazo la msomaji kijana lilikuwepo. Ila wazo ni jambo moja, na tawi la fasihi lenye wasomaji, wachapaji na wahakiki wake ni jambo jingine. Mafanikio ya The Outsiders madarasani yalionyesha wachapaji kwamba kijana ni msomaji anayejitegemea, wala si mtoto aliyechelewa kukua au mtu mzima aliyewahi kufika. Mwaka 1988 tuzo ya Margaret A. Edwards, inayotolewa kwa watunzi wa vitabu vya vijana, ilipotolewa kwa mara ya kwanza, ilikwenda kwa Hinton.

4. Barua kutoka Fresno

Hatua ya pili ilianzia katika shule ya Lone Star, karibu na mji wa Fresno, jimbo la California. Mkutubi wa shule hiyo aliona kwamba hata wavulana waliokwepa maktaba walikuwa wakiisoma riwaya ya Hinton na kupeana. Mwezi Machi 1980 alimwandikia barua mwongozaji wa filamu Francis Ford Coppola kwa niaba ya wanafunzi wa darasa la 7 na la 8, akaambatanisha nakala ya kitabu pamoja na ombi lenye saini zaidi ya 100 za wanafunzi. Walikuwa wamemchagua Coppola kwa sababu waliipenda The Black Stallion, filamu ya mwaka 1979 ambayo yeye alikuwa mmoja wa watayarishaji wake.

Coppola alikwisha kutengeneza The Godfather na Apocalypse Now. Hapakuwa na sababu ya kumfanya ajali ombi la watoto wa shule moja ya mashambani. Lakini kitabu kilisomwa, ombi likakubaliwa, na mwaka 1982 filamu ikapigwa katika mji wenyewe wa Tulsa, Hinton akishiriki katika kazi hiyo. Ilitolewa mwezi Machi 1983, ikiwa imetabarukiwa mkutubi huyo na wanafunzi wa Lone Star, kama watu wa kwanza waliopendekeza itengenezwe.

Yafaa kuzingatia ombi lile lilikuwa la namna gani. Wanafunzi hawakuandika uhakiki. Hawakujadili dhamira, wahusika wala mtindo, mambo ambayo shule huyataka katika mtihani. Walifanya kitendo: walikusanya saini. Mwitikio wao ulikuwa na sura ya uraia kabla ya kuwa na sura ya uchambuzi. Watoto wa miaka 12 na 13, wasio na kura wala mali, walitambua kwamba kitabu kinachowahusu kinastahili kuonekana na watu wengi zaidi, nao wakamwendea aliye na uwezo wa kulifanya jambo hilo. Anayepima mwitikio wa wanafunzi kwa maswali ya mtihani peke yake asingaliuona huu.

5. Wanafunzi wanaisahihisha filamu

Filamu ya 1983 ilikuwa ya dakika 91. Ili kuifupisha, sehemu kubwa ya maisha ya ndugu watatu wa Curtis iliondolewa: mwanzo wa hadithi, ambapo Ponyboy anavamiwa njiani, na sehemu ya mwisho inayohusu mahakama na ugomvi wa ndugu hao. Kilichobaki kilikuwa zaidi kisa cha Johnny na kukimbia kwake.

Kwa kuwa riwaya iliendelea kusomwa shuleni, filamu nayo ikawa inaonyeshwa mara baada ya kitabu kumalizika. Kila mwaka darasa jipya lililinganisha na kuona mapengo. Barua zikaanza kumfikia Coppola, wanafunzi wakiuliza kwa nini sehemu fulani za kitabu hazikuonekana. Mwaka 2005 alitoa toleo jipya lililorudisha dakika 22 na kubadilisha sehemu kubwa ya muziki, akaliita riwaya kamili.

Tofauti kati ya hatua hii na ile ya 1980 inaonyesha jinsi usomaji ulivyokomaa. Wanafunzi wa Fresno walisema: tunakipenda kitabu hiki. Wale waliofuata walisema: tunakijua kitabu hiki, nanyi mmekipunguza. Tena kilichowasikitisha si kupungua kwa mapigano, maana hayo yalibaki. Waliikosa nyumba ya Curtis: kaka mkali anayeogopa kwamba serikali itawatenganisha, na mdogo anayeudhani ukali huo kuwa ni chuki. Kwa mtazamo wa juu juu riwaya hii ni ya magenge. Wasomaji wake walijua kwamba ni riwaya ya familia. Huo ni uhakiki, ingawa haukuandikwa kwa istilahi za wahakiki.

6. Hofu ya wakubwa

Si kila mtu aliyefurahia usomaji huo. Mwaka 1986, huko South Milwaukee katika jimbo la Wisconsin, kitabu kilipingwa kwa sababu kinaonyesha vijana wakinywa pombe na kutumia madawa ya kulevya, na kwa sababu karibu wahusika wote wanatoka katika familia zilizovunjika. Katika orodha ya Chama cha Wakutubi cha Marekani ya vitabu 100 vilivyopingwa mara nyingi zaidi kati ya 1990 na 1999, The Outsiders imo.

Lawama ya pili ina mafunzo kuliko ya kwanza. Ni kweli kwamba familia zilizomo hazina amani. Wazazi wa Curtis wamekufa. Wa Johnny wanagombana na kumpiga. Hata Bob, mtoto wa tajiri, anaelezwa na rafiki yake kama kijana ambaye wazazi wake hawakuwahi kumkataza lolote, naye alitamani angalau mara moja akatazwe. Lakini swali ni hili: mwanafunzi anayetoka katika nyumba ya namna hiyo asome nini? Kumwondolea kitabu hakuiponyi nyumba yake. Kunamfundisha tu kwamba maisha yake ni aibu isiyoruhusiwa kuingia darasani.

Wasomaji wa Kiswahili hawana haja ya kwenda mbali ili kuutambua mgongano huo. Mwaka 1971 ilichapishwa Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1944-2020), riwaya ya msichana wa Ukerewe anayelelewa chini ya baba mlevi na mkali, anayekwenda shule bila kuandaliwa kwa dunia anayoikuta, na ambaye mwisho wake ni kujiua. Riwaya hiyo ilipigwa marufuku shuleni nchini Tanzania kwa muda. Kitabu kilicholaumu malezi ya kuficha mambo kikafichwa na walezi. Riwaya hizi mbili zinatofautiana sana kwa mazingira, lugha na falsafa. Zinakutana katika jambo moja tu, kwamba kila mojawapo ilimweka kijana aliyeumizwa katikati ya hadithi, na kila mojawapo ikazua swali kama kijana msomaji aruhusiwe kumwona.

7. Mipaka ya kujitambua

Wanafunzi wengi walioipenda The Outsiders walitoa sababu ileile: walijiona humo. Walimwandikia mtunzi kwamba hawakujua kuna mwingine anayehisi kama wao, na wengine kwamba kitabu kimebadilisha maisha yao. Hinton amekiri kwamba barua za namna hiyo ya pili zilimtia hofu, kwa kuwa hakujiona mtu wa kustahili kubadilisha maisha ya wengine. Uzito wa sifa za mapema ulimzuia kuandika kwa miaka kadhaa. Riwaya yake ya pili, That Was Then, This Is Now, ilitoka mwaka 1971 tu, baada ya kuandika kurasa mbili kwa siku.

Upande wa pili wa sababu hiyo ni wale ambao hawakujiona. Ulimwengu wa riwaya hii ni wa Wazungu karibu mtupu. Tulsa ndio mji ambamo mwaka 1921 mtaa wa Greenwood, uliokaliwa na Wamarekani weusi wenye maduka na ofisi zao, ulichomwa moto na wakazi wake wengi wakauawa. Miaka ya 1960, Ponyboy anapotembea katika mji huo, ubaguzi wa makazi na shule ungali hai. Kitabu kinautaja mpaka kati ya mashariki na magharibi, hakiutaji huo mwingine. Hali kadhalika wasichana wana nafasi ndogo. Cherry Valance peke yake ndiye anayepewa sauti ya kutosha, na hata yeye anahesabiwa hasa kama daraja kati ya makundi mawili ya wavulana.

Mapungufu haya hayafuti thamani ya mwitikio ulioelezwa hapo juu, bali yanaonyesha mahali ambapo kazi ya mwalimu inaanzia. Kujitambua ndani ya kitabu ni mlango. Mwanafunzi aliyekwisha kuingia aweza kuulizwa: ni nani mwingine aliyebaki nje hata baada ya hawa kuingizwa? Swali hilo halina haki ya kutangulia, kwa sababu asiyesoma hawezi kulijibu. Lakini darasa lisilolifikia limeishia kizingitini.

8. Hitimisho

Mwaka 2024 The Outsiders ilikuwa tena jukwaani, safari hii kama tamthilia ya muziki kwenye kumbi za Broadway mjini New York, ikapata tuzo ya Tony ya tamthilia bora ya muziki. Kwa kitabu ambacho mtunzi wake alipewa alama ya D huku akikiandika, safari hiyo ni ndefu. Haikuendeshwa na wahakiki. Iliendeshwa na madarasa yaliyofuatana, ambayo kila moja lilikipokea kitabu kama kwamba kimeandikwa jana.

Kwa taaluma ya Kiswahili somo lililomo ni la kiutafiti. Mengi yamekwisha kuandikwa kuhusu watunzi wa riwaya zetu, machache kuhusu wanafunzi waliozisoma. Hati za historia hiyo huwepo kila mwaka: insha, majibu ya mtihani, maneno yaliyoandikwa pembeni mwa kurasa za kitabu cha shule, nakala iliyochakaa kwa kupitishwa mikononi. Nyingi huishia kuchomwa au kufungiwa karanga. Idara itakayoanza kuzitunza, hata sanduku moja kwa mwaka, na kuandika juu yake darasa, mahali na tarehe, itakuwa imeweka msingi wa historia ya riwaya ambamo msomaji hatajwi mwishoni tu. Mwanafunzi aliyeandika kwamba amechukizwa na mhusika fulani, au kwamba alilia alipofika sura fulani, ametoa ushahidi. Ushahidi huo ukitupwa, mtafiti wa kesho atabaki na majina ya watunzi peke yake.